Niliuza Rinda Moja Mara Saba

Rinda la kijani lenye kola nyeupe lilikuwa moja tu. Lilikuwa limetundikwa kwa henga kwenye kibanda cha mamangu pale Gikomba, na mimi nikaliuza kwa watu saba kwa siku mbili. Wote saba walilipa.

Naandika haya kwa sababu tangu niweke ile video ya "duka linalouza ukiwa umelala", DM yangu imejaa swali moja: buda, uliunganisha aje Excel na duka la mtandaoni? Naulizwa na watoto wa Form Four, naulizwa na akina mama wa viatu, juzi ameniuliza msee wa kuuza vifaranga. Ile video nimeitoa, kama hamjaona. Nitawaambia vile niliunganisha, lakini nitaanza na vile iliniangusha, kwa sababu wale wanaofundisha hii kitu mtandaoni huwa wanaruka hapo.

Kwanza jina. Kiswahili cha vitabuni kinaiita lahajedwali, neno tamu sana ambalo sijawahi kusikia mtu akilitamka Gikomba. Mtaani zote ni "Excel", hata kama ni ya Google. Mimi nitasema spredishiti tuelewane.

Mamangu ana spredishiti yake. Ni daftari la Kasuku. Ukurasa wa kushoto ni mali iliyoingia, wa kulia ni mali iliyotoka, na pesa ya M-Pesa anaiandika na kalamu nyekundu: jina, namba ya simu, kiasi. Ameandika hivyo tangu nikiwa nasari. Yaliyojaa anayaweka kwenye sanduku chini ya kitanda, sijui anangoja nani aje kuyakagua. Nikiwa kampasi nilimwambia, "Mathe, hii ni ya kitambo." Akanijibu bila kuinua macho, "Ya kitambo ndiyo inakulipia karo."

Karo yenyewe ilifika mahali ikashindikana. Niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuacha kwa sababu ya ndoto kubwa kama wale matajiri wa Amerika mnaowaona kwa mapodikasti. Pesa iliisha, semista moja ikawa mbili, na mwishowe nikaacha kujifanya narudi. Nikaanza kushinda kibandani na simu yangu, nikipiga mama picha akifungua marobota. Hizo video zikaanza kutazamwa. Watu walikuwa wanauliza bei kwenye komenti kuliko wanavyouliza pale sokoni. Hapo ndipo nikasema, kumbe naweza kuwa na kazi.

Mama aliniamini haraka, na hiyo ndiyo sehemu inaniuma mpaka leo. Alikuwa anaambia majirani wa kibanda, "Kijana yangu anafanya mambo ya kompyuta." Mtu ambaye ameacha chuo akisikia hivyo, anaweza kufanya kitu chochote ili isiwe uongo.

Sasa ile kuunganisha. Shida inayotatuliwa ni ndogo na inachosha. Una orodha ya mali yako mahali ambapo ni rahisi kuandika, yaani spredishiti. Halafu una duka mtandaoni ambapo mteja anaona picha, bei, saizi, na kama kitu kipo. Hutaki kuandika kila kitu mara mbili. Rinda likiuzwa hutaki kukumbuka kulifuta pande zote mbili. Kwa hivyo unataka hizo pande mbili ziwe zinaongea.

Njia ya kwanza ni faili la CSV, na karibu kila mtu huanzia hapo. Ni maandishi matupu, kila mstari ni bidhaa moja, na koma ndizo zinatenganisha jina, saizi, bei na idadi. Spredishiti inalitoa, duka linalimeza. Shopify wanalipokea, WooCommerce wanalipokea, na wengine wengi tu. Haihitaji kujua programu yoyote. Ninalipenda hili faili na wakati huo huo siliamini hata kidogo, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ilinipata wiki ya kwanza kabisa. Marinda ya mitumba kutoka Uingereza huwa na saizi kama 8-10, au 10-12. Nikaandika 8-10, nikatoa faili, nikapandisha dukani. Mteja akaniandikia: "Sasa 8-Oct ni nini? Hii nguo ni ya Oktoba?" Programu iliona 8-10 ikajiambia hiyo ni tarehe, ikanisaidia bila kuombwa. Nilicheka, nikarekebisha. Kama ni wewe umewahi kufanyiwa hivyo, usijione mjinga. Wataalamu wa jeni, wale wa kusoma DNA, walikuwa na jeni zinaitwa SEPT1 na MARCH1, na kila wakiziandika kwenye Excel zinageuka tarehe za Septemba na Machi. Walisumbuka miaka na miaka. Mwaka wa 2020 kamati inayopanga majina ya jeni ilitoa mwongozo mpya na majina ya aina hiyo yakawa yamebadilishwa. MARCH1 sasa ni MARCHF1. Sayansi ilihama ikaachia Excel njia.

Sababu ya pili ni namba za simu. Andika 0712 na tarakimu zingine, sifuri ya mbele inapotea, kwa sababu kwa programu hiyo ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri. Andika ukianza na 254 na utaona kituko kikubwa zaidi: tarakimu zinakuwa kumi na mbili, programu inaona hii namba ni ndefu sana, inakuonyesha 2.54712E+11. Ukiihifadhi hivyo kama CSV, tarakimu za mwisho zimeenda. Hazijajificha mahali, zimeenda kabisa. Ukifungua tena faili utapata 254712 na sifuri sita nyuma yake. Wekeni hiyo akilini, tutarudi hapo na machozi.

Dawa ya yote mawili ni moja: kabla ya kuandika chochote, chagua safu yote uiambie kwamba hii ni maandishi, si namba. Dakika moja tu.

CSV ikanichosha kwa sababu ni ya mkono. Kila jioni utoe, upandishe. Nikataka njia ya pili, ile ya skripti. Spredishiti ya Google ina mahali pa kuandika programu ndogo, panaitwa Apps Script, na unaweza kuiambia ijiendeshe kila baada ya muda fulani. Na maduka mengi ya mtandaoni yana mlango wa nyuma wa kompyuta kuongea na kompyuta, unaitwa API. Skripti inabisha, inatoa ufunguo, inasema: rinda namba fulani, idadi ni moja.

Duka nililotumia sitalitaja, kwa sababu halikukosea popote. Lilifanya kila kitu nililoliambia. Skripti yangu ilikuwa na mistari kama arobaini. Mingi niliokota mtandaoni, mingine nikaandikiwa na AI, kazi yangu ikawa kubadilisha majina. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Kama umewahi kuandika programu unajua hiyo si dalili nzuri, lakini mimi sikuwa nimeandika za kutosha kujua.

Niliipanga iwe inaendeka kila nusu saa. Inasoma spredishiti, inachukua idadi ya kila rinda, inaipeleka dukani. Kila nusu saa, mchana na usiku. Marinda yalikuwa 22, kila moja 1,200. Kwenye safu ya idadi kulikuwa na 1, 1, 1, mpaka chini.

Sijui kama mmeshaona shida iko wapi. Mimi sikuiona siku tatu.

Ijumaa jioni niliweka video. Mama akiwa ameshika marinda moja moja, anasema bei, anacheka. Ilienda. Saa mbili usiku oda ya kwanza ikaingia, ya rinda la kijani. Mteja anatuma pesa kwa laini ya mama, duka linapunguza idadi kutoka moja hadi sifuri, linaandika "imeisha". Vizuri. Saa mbili na nusu skripti yangu ikaamka. Ikasoma spredishiti, ambayo hakuna mtu alikuwa ameiambia kitu, bado imeandikwa 1. Ikapeleka dukani: rinda la kijani, idadi ni moja. Duka likatii. Rinda likafufuka.

Spredishiti yangu ilikuwa inajua kuongea, haikujua kusikiza.

Ukiuza sabuni, hiyo makosa unaweza kukaa nayo mwezi mzima na usiumie. Katoni iko nyuma, mteja wa pili anapata sabuni sawa na ya yule wa kwanza. Na haya majukwaa mengi yametengenezwa na watu waliofikiria bidhaa za aina hiyo. Shopify yenyewe ilianza Kanada, kutoka kwa duka la kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji. Mbao za muundo mmoja unaweza kuwa nazo kumi. Lakini mitumba hakuna ya pili. Rinda la kijani lenye kola nyeupe lilikuja peke yake kutoka huko lilikotoka, na likienda limeenda. Kwa mitumba kila mstari ni 1 au 0, na kati ya hizo mbili ndipo kuna mteja anasema wewe ni mwizi.

Jumamosi mimi nilikuwa mfalme. Simu inalia, oda, oda, oda. Nilifikiri nimewezana. Hata nilirekodi video ya pili, ile ya duka linalouza ukiwa umelala, na nilisema ukweli bila kujua: lilikuwa linauza nikiwa nimelala, tena vibaya sana. Mama alishinda na kalamu nyekundu akiandika kila ujumbe wa M-Pesa kwa daftari. Hakushangaa oda kupita 22 kwa sababu kibanda kina nguo kama mia mbili, akajua nimeongeza zingine. Jumapili akatoa shukrani kanisani. Alirudi akalipa 15,000 ya chama na 8,000 ya kibanda, akaniambia Jumatatu anaenda kuchukua robota lingine, la daraja la juu, lenye nguo za kamera.

Jumapili saa tano usiku nikakaa nipange nani anatumiwa nini. Nikapanga majina kwa namba ya nguo. Rinda la kijani likawa na majina saba. Nikafikiri nimepanga vibaya. La maua ya bluu, matano. Nikahesabu oda zote: 61. Marinda 22. Watu 39 walikuwa wamelipia hewa, jumla 46,800.

Nitasema nilichofanya, kwa sababu hiki ndicho hakikuwa kosa la kompyuta. Nilizima skripti, sawa. Halafu nikatoa oda zote kwa faili la CSV, nikalifungua kwa Excel, nikapanga, nikahifadhi. Halafu nikaingia dukani, nikakatisha zile oda 39, nikazifuta. Nilitaka mama akiangalia asubuhi aone 22. Nilikuwa nimejiambia nitatafuta hao watu polepole, mmoja mmoja, bila yeye kujua. Majina na namba si ninazo kwa faili?

Saa kumi alfajiri nikafungua faili. Safu ya simu ilikuwa 2.54712E+11. Iliyofuata 2.54722E+11. Zote. Watu 39, na sina hata namba moja kamili.

Nilikuwa bado nimekaa hapo, taa imezimwa, mama alipoamka kujitayarisha. Robota zuri unalifuata mapema. Nilisikia akivaa viatu, nikasikia akihesabu pesa ya kununua robota. Alikuwa anaenda kutumia 32,000 ambazo nyingi hazikuwa zetu. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mlango niseme "Mathe, ngoja." Nilinyamaza. Akafunga mlango polepole asiniamshe.

Nilimwambia saa nne, kibandani. Robota lilikuwa limeshafunguliwa juu ya turubai, ameketi juu ya sehemu iliyobaki imefungwa, anachambua. Nilieleza kwa maneno mengi sana. Skripti, API, kila nusu saa. Akaniacha nimalize.

"Wangapi?"

"Thelathini na tisa."

"Na pesa yao iko wapi?"

Sikujibu. Akaangalia chini, akapiga robota na kiganja.

"Tumeikalia."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu kama nina namba zao, nikamwambia la, zimeharibika, na nikamweleza na ile ya kufuta. Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Akasema, "Kukosea, unakosea. Kufuta ulikuwa unafuta nini?" Halafu akavuta daftari kutoka kwa mfuko wa aproni. Kalamu nyekundu. Majina 61, namba 61, na kila namba inaanza na sifuri. Wino haujui kusaidia bila kuombwa.

Tulipiga simu jioni tatu. Mimi nasoma, yeye anaongea. "Mrembo, naitwa mama wa marinda wa Gikomba. Ile nguo ulilipia, kijana yangu aliiuza kwa mtu mwingine kabla yako, ni makosa yetu. Nikurudishie pesa ama nikutumie picha za zingine uchague?" Maneno hayo hayo kila mara, na hakusema hata mara moja kwamba ni kompyuta. Wenye oda za kwanza walipata nguo zao. Kati ya wale 39, 16 walichagua nguo zingine kutoka robota jipya, na walichagua kamera zote, zile ambazo mama angeuza bei ya juu. 23 walitaka pesa. Hiyo ni 27,600, na mkononi kulikuwa na 18,200. Ada ya kutuma mama alisema ni yetu, si ya mtu.

Niliuza ringlaiti yangu na tripodi. Zilileta 3,500. Zilizobaki zilitoka kibandani siku kwa siku, zikauzwa chini ya bei ili pesa itoke haraka. Mimi nilitaka tuanze kuwarudishia wale waliokuwa wanatukana kwenye komenti, maana msee mmoja alikuwa ameshapiga skrinshoti ya uso wa mama kutoka kwa video akaandika juu "hawa ni wezi". Jirani wa kibanda alimwonyesha mama hiyo picha kwa simu yake. Mama aliiangalia, akarudisha simu. "Anza na wale hawajapiga kelele," akaniambia. "Hao wengine wanajua kujidai. Hawa wamenyamaza wakituamini." Iliniudhi siku hiyo, nawaambia ukweli. Nilitaka kelele ziishe.

Msichana mmoja wa rinda la kijani alikuwa na mahafali Ijumaa. Alilia kwa simu. Mama alichagua rinda kwenye robota jipya, la kijani kizito, akampelekea fundi jirani alipunguze kiuno na kuweka kola nyeupe. Tulilituma Alhamisi. Yule dada hakuandika asante, wala kitu kingine. Hiyo pia ni sawa.

Basi, jinsi imeunganishwa leo. Hii ndiyo mlikuja kusoma.

Swali la kwanza si skripti gani. Swali ni: pande hizi zikibishana, nani anaaminika? Lazima uchague mmoja kwa kila jambo. Kwangu spredishiti ina neno la mwisho kuhusu jina, saizi na bei. Kuhusu idadi haina neno kabisa. Inaruhusiwa kusema "1" mara moja tu, siku nguo inapoingia. Baada ya hapo duka ndilo linaiambia spredishiti, na spredishiti inanyamaza.

Kuambiwa kuna namna mbili. Unaweza kuwa unatuma mtoto kila nusu saa aulize, "kumeuzwa kitu?" Hiyo ndiyo ya kupanga muda. Au duka linakupigia simu lenyewe kila likiuza, na hiyo inaitwa webhuku: oda ikiingia, duka linatuma ujumbe kwa anwani ya skripti yako, skripti inatafuta mstari wa hiyo nguo na kuandika 0. Tumia ya pili. Na siku ya kwanza jaribu na nguo moja, ujiuzie mwenyewe, halafu ukae saa nzima uangalie kama itafufuka. Mimi sikufanya hivyo. Saa moja ingeniokolea 46,800.

Kila nguo ina namba yake, na namba haitumiki tena hata nguo ikienda. Kampasi kulikuwa na yuniti ya databesi, na lekchara aliwahi kueleza kwa kirefu kwa nini kila mstari unahitaji kitambulisho chake. Nilikuwa nyuma ya darasa nikitazama video. Nilipotaka kuzipa nguo namba nikafikiria mwezi wa robota, kama MAR14, halafu nikakumbuka wale watu wa jeni. Mama ndiye alipata: herufi ya robota na hesabu ya nguo. Robota A, la kumi na nne, A14. Anaandika kwa daftari kwanza, anakata karatasi, anaibana kwa pini ndani ya kola. Ndipo mimi naingiza kwa spredishiti. Daftari halijawahi kuondoka, na nimeacha kumwomba aliondoe.

Na usifute oda. Ikatishe, andika sababu, iache hapo ionekane.

Kuna tundu moja sijaziba na sidhani litazibika na skripti. Nguo ile ile iko mtandaoni na iko kwa henga. Mtu anaweza kupita pale barabarani, akaipenda, akalipa pesa taslimu na kuondoka nayo, huku mwingine Nakuru anabonyeza kununua. Duka haliwezi kujua. Nilifikiria kumwekea mama programu ya kubonyeza kwa simu yake. Alijaribu siku mbili akasema mikono yake ina vumbi na wateja wanangoja. Kwa hivyo ananitumia voisi. Mimi nikiisikia naweka 0, na huwa nikiwa mahali popote naisikia: kwa matatu, nikihariri video, nikilala. Siku nyingi zinakuja kumi, kumi na mbili.

Ya jana saa saba mchana ilikuwa na kelele za mkokoteni nyuma yake. "B31 imeenda. B8 bado iko, huyo ameiangalia tu." Halafu kimya kidogo, nikafikiri amesahau kuachilia. "Umekula lakini?"